Karatu: mfupa umejengewa makumbusho, mhunzi hana hata banda

Makamanda, leo naomba tuipumzishe Tume ya Uchaguzi kwa dakika kumi. Tuongee habari za kufuli.

Nasema lile kufuli bovu la shaba ya njano ambalo ufunguo wake ulipotea mwaka juzi na bado umelitupa kwenye droo. Likifika Mang'ola, kwenye maboma ya Wadatoga kando ya Ziwa Eyasi, halipotei bure. Mhunzi analitia kwenye kalibu juu ya mkaa, kijana wake anakaa nyuma ya mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi na kuanza kazi, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka kufuli linakuwa uji. Uji unamiminwa kwenye mfereji mwembamba, unapoa, unagongwa kwa nyundo, unakunjwa, kisha unapigwa nakshi kwa tindo. Ukija kushtuka, kufuli limekuwa bangili. Mtalii kapiga video, kanunua moja, karudi kwenye gari. Serikali imeongeza mtalii mmoja kwenye takwimu zake. Mhunzi kabaki na moshi machoni na bangili ambazo hazikupata mteja.

Hoja yangu ni kwamba wilaya ya Karatu ndiyo mlango wa Ngorongoro, na karibu kila mgeni anayeingia kwa barabara ya lami kwenda geti la Lodoare anapita mbele ya macho yetu. Katika mlango huu tuna watu ambao mpaka leo, kwa mikono yao, wanafua chuma na kuyeyusha shaba kwa namna ambayo nchi nyingine zinalipa wataalamu kuja kuiandika. Na hakuna makumbusho hata chumba kimoja, hata banda la bati lenye kibao, ambapo kazi hiyo ni yao, imeandikwa kwa jina lao na fedha yake inarudi kwao. Huo si usahaulifu. Ni uamuzi, na walioufanya wana ofisi na mihuri.

Kwanza tuwajue tunaowazungumzia, maana wengi wetu tumekulia Karatu mjini na tunajua habari za Marekani kuliko za Ghorofani. Wahunzi wa Kidatoga ni ukoo, si watu walioamua tu kujifunza ufundi. Wanaitwa Gidang'odiga. Mtoto anazaliwa humo, anajifunza kwa baba, anaoa humo humo. Wanatengeneza vitu vya aina mbili vinavyotofautiana sana. Kuna chuma: misumari na vyuma chakavu vinageuka vichwa vya mishale, visu, mikuki. Na kuna mapambo, yaani bangili nzito za shaba zinazopanda kwenye mkono wa mwanamke wa Kidatoga na pete za mtindo wao, nyingine zimesokotwa rangi mbili tatu, shaba nyekundu, shaba ya njano na alumini, mpaka unajiuliza zimeunganishwaje.

Vile vichwa vya mishale haviishii bomani. Vinakwenda kwa Wahadzabe, jirani zao wanaowinda. Mhadzabe hafui chuma cha kuyeyusha. Anakuja na asali au nyama, anaondoka na mishale. Biashara hiyo haijawahi kuhitaji leseni wala mashine ya EFD, na imeendelea vizazi na vizazi kati ya watu wawili wasiozungumza lugha moja wala lugha zinazohusiana. Hebu fikiria makumbusho yenye chumba kimoja tu kinachoonyesha hilo: mshale mmoja, chupa ya asali, na sauti ya kila mmoja akieleza kwa lugha yake alivyopatana bei na mwenzake. Mwanafunzi wa sekondari ya Ganako angejifunza uchumi pale kuliko kwenye kitabu chochote cha kidato cha tatu.

Halafu kuna jambo la jina. Hawa ndugu bado tunawaita Wamang'ati. Neno hilo walipewa na Wamasai na maana yake ni adui. Sasa wewe kijana wa chama cha ukombozi unaandika mtandaoni kuhusu haki za binadamu, kisha mstari wa pili unamwita jirani yako adui kwa sababu ndivyo ulivyozoea kusikia. Tuache. Ni Wadatoga.

Najua kuna watakaosema usonara ni habari za Pwani, kwamba fedha ni ya Unguja na Lamu, huku bara tuna majembe tu. Tuzungumze basi kuhusu fedha, maana Kiswahili chetu kimetupa neno moja kwa vitu viwili: ile ya mfukoni na ile ya kuvaa. Haikutokea kwa bahati mbaya. Zile riale za Maria Theresa, zenye mwaka wa 1780 hata zilipopigwa karne iliyofuata, zilikuwa pesa asubuhi na jioni zinaweza kuwa kikuku. Sonara alikuwa anaziyeyusha na kumfulia bibi harusi akiba yake, avae mguuni. Wahunzi wa Eyasi wanafanya jambo lile lile kwa madini ya maskini. Kufuli, koki ya bomba, kipande cha sufuria. Kilichotupwa na mwenye nacho kinakuwa akiba ya asiye nacho. Tofauti ya sonara wa Forodhani na mhunzi wa Mang'ola ni bei ya malighafi. Akili ni ile ile.

Na kama tunapenda kuiga, tuige wanaofanya vizuri. Oman wana jambia lao, wenyewe wanaliita khanjar, ala yake inafunikwa kwa nyuzi za fedha na mafundi wa fedha. Wameliweka kwenye bendera ya taifa. Mwaka 2022 ufundi wake ukaingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Sasa usiniambie Oman wana mafuta ndiyo maana. Kuandika jina la fundi kwenye karatasi hakuhitaji pipa la mafuta. Mkataba wenyewe wa urithi usioshikika ni wa 2003, na Tanzania tuliuridhia mwaka 2011. Mkataba ule unaitaka nchi iorodheshe urithi wake na iwashirikishe wenye urithi wenyewe. Miaka yote hii tangu 2011, muulize mzee yeyote wa Gidang'odiga kama kuna afisa aliyewahi kukaa naye chini na daftari. Nenda ukamuulize, usinisadiki mimi.

Tatizo lina mizizi kwenye sheria. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, na mstari wake mkubwa ni mwaka 1863. Kilichotengenezwa na mkono wa mtu kabla ya 1863 ni masalia, kinalindwa chenyewe bila mtu kuomba. Kwa vilivyobaki kuna milango mingine ya kisheria, Waziri anaweza kutangaza hiki na kile, lakini sote tunajua Waziri anatangaza anapokumbushwa na watu wenye sauti. Maana yake kwa lugha ya kijiweni: bangili ikichimbwa ardhini ina mlinzi, bangili ikiwa mkononi mwa mama anayepumua haina mwenyewe. Sheria inasubiri ukoo ufe ndipo ianze kuuheshimu.

Na hapa Ngorongoro hilo tumeliona kwa macho. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus pale Oldupai. Fuvu likaenda Kenya, likarudishwa Tanzania mwaka 1965, likahifadhiwa Dar es Salaam. Mwaka 2017 Oldupai ikafunguliwa makumbusho mapya, makubwa, ya kisasa. Mimi nayapenda, nimekwenda, mwanafunzi yeyote aende. Sina ugomvi na fuvu. Hata Mjerumani Hans Reck, aliyechukua mifupa ya mtu pale Oldupai mwaka 1913 na kuipeleka Ujerumani, ugomvi wangu naye ni wa siku nyingine. Ninachouliza ni hesabu rahisi. Mtu aliyekufa zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita ana jengo, umeme, choo cha kisasa na walinzi. Mtu anayeishi leo umbali wa saa chache kwa gari, anayefua chuma leo, ana nini? Mifupa inapata heshima ikishavuka mpaka wa kudai haki. Mfupa hauombi ardhi. Mfupa haupigi kura. Mfupa hauandamani.

Mnaona tunakoelekea. Mada hii ina uhusiano na Tume kuliko ulivyodhani.

Mwaka 1959 Wamasai walihamishwa Serengeti kwa ahadi kwamba Ngorongoro wataishi na mifugo yao. Ndiyo sababu pale panaitwa eneo la hifadhi na si hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 8,292 za matumizi mseto. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku humo, 1992 kikaruhusiwa, 2009 kikapigwa marufuku tena. Mwaka 2022 mabasi ya kuhamia Msomera, Handeni, yakaanza, eti kwa hiari. Agosti 2024 likatoka Tangazo la Serikali Namba 673 la kufuta kata na vijiji vya Ngorongoro, watu wakasimama barabarani kwa siku kadhaa na shuka zao, na Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha tangazo lile. Katika mvutano wote huo, hoja ya upande wa pili ni moja tu, inarudiwa kwa sauti tofauti: kwamba binadamu pale ni mgeni, ni mzigo, ni idadi. Ng'ombe kadhaa, watu kadhaa, uwezo wa ardhi kadhaa. Grafu.

Makumbusho ya wahunzi yanavunja grafu hiyo vipande. Kwa sababu ukianza kuonyesha chuma, unalazimika kuonyesha nani alikifua, kwa ajili ya nani, na walikaa wapi. Wamasai nao wana ukoo wao wa wahunzi, Ilkunono, waliofua mikuki na sime. Surutia, ile shaba ya kuzungushwa inayoning'inia masikioni mwa mwanamke wa Kimasai aliyeolewa, ilipita motoni mahali fulani. Wadatoga walikaa mpaka ndani ya kreta kabla ya Wamasai kuwashinda na kuwatoa, na makaburi ya wakubwa wao yako mle. Hiyo ni historia ya watu, yenye vita, ndoa, biashara na ufundi, juu ya ardhi ile ile ambayo brosha inaiita "bustani ya asili". Mtu akitoka kwenye makumbusho ya namna hiyo hawezi tena kuambiwa kwamba pale palikuwa pori na swala. Ndiyo maana nasema kutokuwepo kwake si usahaulifu.

Na Wadatoga hili la kuambiwa "nyie si wa hapa" walikwisha kulipata kabla ya wengi. Kule Hanang, kwenye tambarare za Basotu, mradi wa ngano wa NAFCO kwa msaada wa Kanada ulichukua karibu ekari 100,000 za malisho ya Wabarbaig, ambao ni Wadatoga. Wanakijiji wa Mulbadaw wakaenda mahakamani. Mahakama Kuu wakashinda. NAFCO ikakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikawaangusha wanakijiji. Moja ya sababu ni kwamba hawakuwa wamethibitisha mahakamani kuwa wao ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi. Rudia kusoma. Mdatoga, Hanang, ameshindwa kuthibitisha kuwa ni mwenyeji. Leo ukimwambia kijana wa sheria kwamba makumbusho ni anasa, mwonyeshe hukumu ile. Ushahidi wa wenyeji hauanzi siku ya kesi. Unajengwa miaka mingi kabla, kwa vitu, kwa majina, kwa ramani, kwa mahali ambapo nchi nzima inajua kwamba hawa walikuwepo na walifanya hivi.

Sasa tuje kwenye jengo. Mwaka 2018 Ngorongoro Lengai ilitambuliwa na UNESCO kuwa jiopaki, eneo linalochukua sehemu za Ngorongoro, Karatu na Monduli. Na hapa hapa Karatu China imesaidia ujenzi wa makumbusho ya jiopaki hiyo. Vizuri sana, asante China, volkano zetu zina haki ya kueleweka. Lakini jiopaki kwa maelezo ya UNESCO wenyewe si mawe peke yake. Ni mawe pamoja na watu wanaoishi juu yake, na watu hao wanatakiwa kufaidika. Swali langu kwa wahusika ni jepesi, wala halihitaji tume. Humo ndani mhunzi wa Eyasi anakaa wapi? Kama picha ukutani, na maandishi "Mdatoga akifua chuma", bila jina lake? Kama bangili kwenye kabati la kioo iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa? Au kama mwenye banda lake, mivukuto yake, bei yake, na kiti kwenye bodi?

Kwa sababu namna ya kwanza tunaijua. Ndiyo namna inayotumika Eyasi hivi sasa. Gari linafika, muongozaji anaeleza kwa dakika kumi, mhunzi hana nafasi ya kueleza chochote kwa kuwa hajui Kiingereza na hakuna aliyejali kumfundisha au kumtafutia mkalimani wa kudumu. Jamaa yangu mmoja ni dereva wa watalii, kampuni yake siitaji. Anasema mgeni mmoja alimuuliza, "Huyu mzee anaitwa nani?" Akabaki ameduwaa. Amempelekea wageni misimu mitatu. Hajui jina lake. Si mtu mbaya yule jamaa. Ratiba haikuwa na nafasi ya jina.

Mtaniambia: fedha hakuna. Haya. Mgeni wa nje analipa dola 60 kuingia Ngorongoro, na gari linalipa dola 250 kushuka kreta, hapo VAT bado. Kila mwenye ndugu dereva anazijua namba hizo kama nyimbo za shule. Ada ya gari moja kushuka mara moja inazidi bangili ngapi za Mang'ola? Piga hesabu mwenyewe. Mwaka 2022 tukaambiwa filamu ya The Royal Tour italeta wageni. Wageni wamekuja, hatubishi, foleni ya magari tunaiona. Tunachobishania ni kwamba foleni ile inapita Karatu kama maji yanavyopita kwenye bomba, yanakwenda kwa mwenye tenki.

Na msikimbilie kutuambia "jimbo lilikuwa lenu miaka 25". Ndiyo, lilikuwa letu, kuanzia Dk. Slaa mwaka 1995 mpaka 2020, na wananchi wa Karatu walituchagua kwa kura halali. Lakini mbunge wa upinzani hashiki funguo za mamlaka ya hifadhi. Mamlaka ile iko chini ya wizara, na wizara iko chini ya chama kilichokaa tangu uhuru. Halmashauri nayo, ilipojaribu kusimama kwa mapato yake, ikaanza kunyonyolewa manyoya. Mwaka 2016 kodi ya majengo ikahamishwa kwenda TRA. Tangu 2021 unakatwa kwenye LUKU, yaani hata bibi yako kule Rhotia anachangia kupitia umeme anaonunua. Unamwondolea mtu sahani, kisha unamuuliza mbona hajala.

Chawa watakuja kwenye maoni kusema Mama anaupiga mwingi. Karibuni. Mje na jina la fundi mmoja wa Gidang'odiga na kiasi alichopata kutokana na huo mwingi.

Hoja inayonisumbua kweli si ya chawa, ni ya watu wetu. Kuna kamanda mmoja aliniambia kwa uchungu, na namheshimu: "Ndugu, zahanati haina dawa, wewe unaleta makumbusho?" Nilimsikia. Lakini hiyo hesabu ina kosa. Wanaokunyima dawa hawakunyimi kwa sababu fedha ilikwenda kwenye makumbusho. Ingekuwa hivyo tungekuwa na makumbusho. Na watu wa Mang'ola wanalima vitunguu vinavyofika hadi Nairobi, wana chemchemi, wana ufundi, wana wageni mlangoni. Hawaombi sadaka. Wanachokosa ni umiliki wa kile ambacho tayari kinauzwa kwa jina lao. Mashamba ya vitunguu yenyewe yamekuwa yakisogea mwaka hadi mwaka kwenye ardhi ya malisho na ya uwindaji. Mdatoga anabanwa upande wa jembe, Mhadzabe anabanwa zaidi. Siku malisho yakiisha, uhunzi ndio utakaobaki kuwa mtaji. Na mtaji usioandikwa unachukuliwa.

Halafu kuna ukweli ambao hautapendeza kwa wengine humu, ila tusipousema sisi atausema nani. Wahunzi hawabaguliwi na serikali peke yake. Wanabaguliwa na sisi. Miongoni mwa Wadatoga wenyewe, mtu wa ukoo mwingine haoi kwa Gidang'odiga. Miongoni mwa Wamasai, Ilkunono wamedharauliwa tangu zamani, mkuki wao unapokelewa, mkono ulioufua unaogopwa. Watu walitaka chuma na hawakumtaka mfuaji. Mimi nataka makumbusho yanayolisema hilo ukutani, kwa maandishi makubwa, kwa Kidatoga, Kimasai, Kihadza, Kiiraqw na Kiswahili. Si makumbusho ya kutupamba. Serikali ikijenga yake itaandika "makabila yetu yaliishi kwa amani na upendo", tunazijua sentensi zao. Na ndugu zangu Wairaqw, ambao ndio wengi hapa wilayani na ndio wengi humu chamani, tusijifanye watazamaji. Kwenye vikao vyetu vya kata, Mdatoga wa mwisho kupewa nafasi ya kuzungumza alikuwa nani?

Najua pia hofu ya upande wa pili, kwamba ukishaiweka kazi kwenye makumbusho umeizika. Ni hofu ya kweli. Angalia Beit al-Ajaib, Unguja, jengo la Sultani Barghash la mwaka 1883, lililokuwa makumbusho ya historia na utamaduni. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na watu wawili walikufa. Jengo la fahari kuliko yote mjini, na dunia nzima ilikuwa inajua linaoza. Kwa hiyo simwombi mtu jengo la fahari. Naogopa majengo ya fahari. Lakini nenda Bujora, nje kidogo ya Mwanza. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa pale na Padri David Clement pamoja na Wasukuma wenyewe, kwa nyumba za msonge, ngoma na vitu vya watawala wao. Hayakusubiri wizara. Hayana marumaru. Yapo mpaka leo, na ngoma zinachezwa pale, hazikufungiwa kwenye kabati.

Cha Karatu kinaweza kuwa kidogo kuliko hicho. Kiwanja ambacho hati yake iko kwa chama cha ushirika cha wahunzi wenyewe, si kwa halmashauri, si kwa mamlaka, wala si kwa chama chetu. Mabanda manne matano ya kufulia, yenye hewa nzuri, maana moshi wa kalibu kwenye chumba kilichofungwa ni ugonjwa wa mapafu. Chumba kimoja kikavu chenye vitu vya zamani, kila kimoja na jina la aliyekifua au la ukoo wake, na jina la mama aliyekivaa. Kijana mmoja wa Kidatoga aliyesoma, analipwa mshahara, anarekodi wazee kabla hawajatutoka. Wafundi kutoka Upareni, ambako ukoo wa Washana umefua chuma kwa vizazi, waalikwe. Masonara kutoka Unguja waalikwe, wawafundishe vijana wa Eyasi kushika fedha halisi, kwa sababu hakuna amri ya Mungu kwamba Mdatoga afue kufuli mpaka kiama. Arusha kuna kituo cha serikali cha kufundisha kukata na kung'arisha vito. Tanzanaiti inachimbwa Mererani, mkoa wa jirani, imezungushiwa ukuta tangu 2018. Kwa nini jiwe la Mererani lisikae kwenye pete iliyofuliwa Mang'ola na kuuzwa Karatu kwa bei ya Karatu? Hilo ni swali la biashara, siyo la mila.

Vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi, mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza, na diwani wako anaweza kupelekewa swali kwa maandishi. Madiwani wa sasa wamepatikanaje tunajua, lakini kiti kile kinalipwa kwa kodi yako. Vijana wa Ganako, Rhotia, Endabash, Baray na Mang'ola, kikao kijacho twende na karatasi yenye maswali matatu: wahunzi wa Eyasi wana wawakilishi wangapi kwenye uendeshaji wa makumbusho ya jiopaki, ni kiasi gani cha mapato ya utalii wa Eyasi kilichowafikia mwaka wa fedha uliopita, kwa majina, na ni lini halmashauri itatenga kiwanja. Mwandike tarehe mliyoiwasilisha na mhakikishe nakala inagongwa muhuri wa masjala. Tutaiweka hapa hapa, iwe na jibu au isiwe nalo. Kabla ya hapo, Jumamosi kuna gari la kwenda Mang'ola. Anayejua Kidatoga aje mbele, tunahitaji mkalimani, na safari hii tunaanza kwa kuuliza majina.